Stoo imejaa, droo haina hela: jinsi hesabu za mzigo zilivyookoa duka letu la vifaa vya ujenzi

Kama una duka, stoo imejaa mpaka mlango unasukumwa kwa bega, na bado ikifika mwisho wa mwezi unahangaika hela ya pango, basi naomba usome hii yote. Nimeipitia hiyo hali kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mama mkubwa wangu hapa Morogoro. Kilichotutoa pale ni hesabu, na sio hesabu za ajabu, ni zilezile za wastani na kipeuo cha pili tulizosoma sekondari tukaziacha hukohuko.

Mama mkubwa alianza na misumari na makufuli, duka likakua, akaingiza saruji, nondo, mabati, rangi, mabomba, koki, swichi, vitasa, yaani ukijenga nyumba unakosa tofali tu. Miguu ilipoanza kumsumbua akaniomba nisimamie. Mimi nimeishia kidato cha nne, biashara nilikuwa naijua ya genge tu, lakini yeye ndiye aliyenilea na huwezi kumwambia mtu kama huyo hapana.

Ununuzi ulikuwa wa mazoea. Mtu anapanda basi kwenda Dar, anazunguka Kariakoo na Gerezani, akikuta kitu bei imeshuka anabeba kingi, asichokumbuka hakibebi. Ikikaribia siku ya safari ndio tunapiga jicho kwenye shelfu kuona nini kimepungua. Maduka mengi yanaendeshwa hivyo na mengine yanaenda tu vizuri, lakini sisi tulikuwa na mkopo wenye riba ya asilimia 2 kwa mwezi, na mkopo hauna subira na mazoea.

Siku moja fundi mmoja mteja wetu wa miaka akaingia, "Shikamoo mama, dada, nondo ya 12 ipo?" Hamna, imekata, tukamwambia labda keshokutwa. Akasema hamna shida, akaenda duka la ng'ambo ya barabara, na kule hakununua nondo peke yake, alichukua na waya wa kufungia na saruji na misumari, vyote tulikuwa navyo! Na nyuma kabisa ya stoo yetu, ukutani, kulikuwa na safu ya mifuko ya saruji ambayo ukiibonyeza kwa kidole gumba unakutana na jiwe, imeshika unyevu kutoka sakafuni imeganda ndani ya mfuko. Hela imelala ukutani imekuwa jiwe, na hela nyingine inavuka barabara inaenda kwa jirani. Usiku ule sikulala, nikampigia binamu yangu anayefundisha hisabati sekondari.

Nilidhani atanitafutia programu ya kwenye simu. Akaniuliza maswali mawili tu: mnauza misumari kilo ngapi kwa mwaka, na kukaa na kilo moja ya misumari mwaka mzima kunawagharimu shilingi ngapi? La kwanza nilikuwa na makadirio. La pili sikulielewa hata linauliza nini. Akasema, "Basi dada tuanzie hapo, fomula ninayo, ila haitakusaidia chochote kama hujui namba za kuiwekea."

Na nataka hilo ulishike toka mwanzo kwa sababu wengi wanaogopa fomula. Fomula ni dakika tano. Kazi ipo kwenye namba.

Tukaanza na kuhesabu mzigo wote. Jumapili tulifunga duka, tukaita watoto wa ndugu, kila kitu kikashushwa. Unaandika jina la bidhaa, idadi, bei uliyonunulia (sio ya kuuzia), na mara ya mwisho kuuzwa kama unakumbuka. Inachosha, vumbi la saruji linaingia mpaka kwenye meno, na kuna bidhaa unazikuta hata hujui zilifikaje. Tulipojumlisha, zaidi ya nusu ya hela yote ilikuwa kwenye vitu ambavyo havijatoka kwa miezi mingi: rangi za mafuta za rangi ambazo hakuna anayezitaka, vitasa vya mtindo uliopita, koki za saizi isiyotumika sana huku. Vimedoda. Mama mkubwa akaangalia ile jumla muda mrefu, akasema, "Mwanangu, kumbe hela zote hizi zimekaa humu ndani na mimi nakopa?" Iliniuma sana, maana ile ni jasho lake la miaka.

Ushauri wangu hapa, ukifanya hii kazi na mzazi au mkubwa wako usimpigie kelele na zile namba. Mpe muda. Duka ndio maisha yake.

Baada ya hapo tukapanga bidhaa kwa hela zinazoingiza kwa mwaka, kubwa juu ndogo chini. Utakuta bidhaa chache sana ndizo zinabeba sehemu kubwa ya mauzo, kwetu ilikuwa saruji, nondo, mabati na misumari, halafu kuna mkia mrefu wa vitu vidogovidogo. Wenye viwanda wanaita kundi A, B na C. Kundi A unalipigia hesabu kwa makini na kulihesabu mara kwa mara, kundi C unaliwekea utaratibu rahisi na kuliacha, maana usipogawa hivyo utatumia jioni nzima kuhesabu skrubu huku nondo inakata.

Sasa fomula yenyewe. Kila unapoagiza kuna gharama ambayo haijali umeagiza kiasi gani: nauli ya kwenda, makuli, simu, siku nzima ya mtu kuwa nje ya duka. Ukiagiza kidogokidogo unailipa hiyo mara nyingi. Upande wa pili, kila kilicho stoo kinakula: riba ya hela iliyonunulia, nafasi, kutu, panya, wizi. Ukiagiza kingi kwa mpigo unalipa hiyo zaidi. Moja inashuka ukiongeza oda, nyingine inapanda, na mahali zinapolingana ndipo jumla inakuwa ndogo kuliko kwingine kote. Unachukua mauzo ya mwaka, unazidisha na gharama ya oda moja, unazidisha mara 2, unagawa kwa gharama ya kukaa na kipimo kimoja mwaka mzima, halafu unatafuta kipeuo cha pili. Basi.

Misumari ndiyo tuliyoanza nayo. Chukua namba hizi: mauzo kilo 3,600 kwa mwaka, oda moja inagharimu sh 30,000, kilo inanunuliwa sh 3,000 na kukaa nayo mwaka ni asilimia 25 ya bei, yaani sh 750. Mbili mara 3,600 mara 30,000 ni 216,000,000, gawa kwa 750 unapata 288,000, kipeuo chake ni kama 537. Kwa hiyo uagize kilo 537 hivi kila oda, karibu kila baada ya siku 54. Gharama ya kuagiza na kutunza kwa mwaka inakuja kama sh 402,500.

Linganisha na mazoea. Ukiagiza kilo 150 mara mbili kwa mwezi, oda 24 zinakula 720,000, kutunza ni 56,250, jumla 776,250. Ukinunua za nusu mwaka kwa mpigo, kilo 1,800, kuagiza ni 60,000 tu lakini kutunza ni 675,000, jumla 735,000. Wote wawili wanakaribia kulipa mara mbili, mwenye uoga wa kununua na mwenye tamaa ya kununua, na hakuna kati yao anayeiona hiyo gharama kwa sababu haiandikwi kwenye risiti yoyote.

Aliyeiandika kwanza fomula hii ni mhandisi wa Marekani, Ford Whitman Harris, mwaka 1913, kwenye jarida la mambo ya uendeshaji wa viwanda. Binamu aliniambia masomo ya darasani ya yule bwana yaliishia sekondari. Miaka mingi baadaye watu walikuwa wanaiita kwa jina la Wilson, aliyeieneza kwa makampuni miaka ya 1930, na makala ya Harris ikasahaulika kabisa. Kwangu mimi wa kidato cha nne hiyo habari ilinipa nguvu kuliko maelezo yote, niliacha kuona kama naingilia mambo ya wasomi.

Kitu kingine kinachopoza moyo ni kwamba fomula hii inasamehe. Ukiagiza kilo 400 badala ya 537 gharama inapanda hadi 420,000 tu. Ukiagiza 700 inakuwa kama 417,000. Kwa hiyo usikeshe unatafuta namba kamili, ukiwa karibu inatosha, kinachoua ni kuwa mbali. Na kwa sababu ya kile kipeuo, mauzo yakiongezeka mara nne oda inaongezeka mara mbili tu. Wenye maduka wengi biashara ikikua wanakuza oda kwa kiwango kilekile cha mauzo, hela zinaganda stoo bila sababu.

Namba iliyotusumbua zaidi ni ile ya gharama ya kukaa na mzigo. Mama mkubwa alisema haigharimu kitu, fremu tunalipia tayari. Nikamwonyesha mkopo. Asilimia 2 kwa mwezi ni kama 24 kwa mwaka, hiyo ni hela ya bidhaa iliyokaa hata kama haijaguswa na panya. Ongeza uharibifu kidogo uko kwenye 25 au zaidi. Kama mtaji ni wako mwenyewe usiweke sifuri, jiulize hiyo hela ingefanya nini kwingine, kwenye VICOBA, kwenye bidhaa inayotembea, popote. Na kwa saruji weka juu zaidi, maana kila mwezi inaokaa inapoteza nguvu yake, na hewa ya masika inaimaliza haraka. Kwa kuanzia tuliitoa sakafuni tukaipanga juu ya mbao, mbali na ukuta, mfuko ulioingia kwanza unatoka kwanza. Hilo halihitaji hesabu, fanya leo.

Kuna kitu kinaitwa bei ya kushawishi na usipokuwa na karatasi mkononi itakubeba. Muuzaji wa jumla anakwambia, dada chukua kilo 1,000 nikupe kwa 2,950 badala ya 3,000. Punguzo la sh 50 mara kilo 3,600 za mwaka ni 180,000. Kuagiza kilo 1,000 kwa oda gharama ya kuagiza na kutunza inakuwa kama 476,750, yaani imepanda kwa 74,000 na kidogo. Umefaidi zaidi ya laki moja, chukua. Akikwambia ni lazima kilo 2,000 ndio upate hiyo bei, gharama inafika 791,500, imepanda kwa 389,000 ili uokoe 180,000. Hiyo unakataa kwa heshima. Dakika mbili za kikokotoo cha simu tu, na zamani tungeichukua huku tunashukuru.

Hiyo ni ya kiasi gani. Lini uagize ni hesabu nyingine, na kwetu ndiyo ilikuwa na faida kubwa zaidi.

Chukua saruji. Tuseme unauza wastani wa mifuko 20 kwa siku na mzigo unachukua siku 4 kufika tangu uagize. Wengi watasema basi nikibaki na 80 naagiza. Lakini wastani maana yake ni kwamba takriban nusu ya nyakati unauza zaidi ya hapo, kwa hiyo ukiagiza kwenye 80 karibu kila mara ya pili utakatikiwa kabla mzigo haujafika. Unahitaji akiba. Akiba inategemea mauzo yanapandashuka kiasi gani: unaandika mauzo ya kila siku kwenye Excel au Google Sheets, simu inatosha, unaandika STDEV kwenye ile safu na inakupa namba ya mtawanyiko. Tuseme ni 8. Unazidisha kwa kipeuo cha siku za kusubiri, kipeuo cha 4 ni 2, inakuwa 16, halafu unazidisha kwa 1.65 ukitaka usikatikiwe katika oda 95 kati ya 100. Inakuja kama 26. Kwa hiyo unaagiza ukibakiwa na mifuko 106 au 107. Ukiridhika na 90 kati ya 100 tumia 1.28, ukitaka 99 tumia 2.33, na uone kwamba kutoka 95 kwenda 99 akiba inapanda kwa zaidi ya theluthi moja. Kuwa na kila kitu muda wote kuna bei yake, kwa nondo na saruji tunailipa, kwa kitasa cha bafuni hapana.

Nikafurahi, nikaweka namba, na saruji ikaendelea kukata. Nilichoka jamani, nilihisi nimempotezea mama mkubwa muda.

Kumbe hizo siku 4 hazikuwa 4. Tulipofungua risiti za nyuma na kuangalia tarehe tuliyolipa na tarehe gari lilipofika, mara siku 2, mara 3, mara wiki nzima, gari limeharibika njiani, muuzaji mwenyewe hana, wikiendi imeingia kati. Binamu akaniambia tuuweke na huo mtawanyiko kwenye hesabu. Unachukua siku 4 mara 8 mara 8, ni 256. Halafu 20 mara 20 mara mtawanyiko wa siku za kusubiri ukiwa umezidishwa wenyewe kwa wenyewe, ukiwa siku 2 inakuwa 400 mara 4, ni 1,600. Jumla 1,856, kipeuo chake ni kama 43, mara 1.65 ni 71. Akiba imetoka 26 imefika 71, na wateja hawajabadilika hata kidogo! Yote ile ni kwa sababu ya mtu anayetuletea mzigo kutoeleweka.

Nakwambia hiyo hesabu ilibadilisha namna ninavyoongea na wauzaji wa jumla. Zamani nilikuwa nabishana bei, mfuko upungue mia mbili. Sasa nauliza kwanza, ukiniambia Alhamisi ni Alhamisi kweli? Tulihamia kwa mtu mwenye bei ya juu kidogo lakini gari lake linafika siku aliyosema, na stoki ya saruji tunayokaa nayo ikapungua sana bila kukatikiwa. Barabara ya Dar hadi hapa ni kama kilomita 190, sio safari ya kuchukua wiki kama mtu yuko makini.

Kidonda kingine kilikuwa kwenye daftari la mauzo. Nondo ya 12 kwenye daftari ilionekana inauza kidogo, fomula ikasema agiza kidogo, tukiagiza kidogo inakata mapema, daftari linaonyesha kidogo tena. Unaona hiyo duara? Daftari la mauzo linaandika ulichouza, haliandiki alichotaka yule fundi aliyevuka barabara. Tulipoligundua hilo tukaweka daftari la pili kando ya droo, tunaliita daftari la "hakuna". Kila mteja anayeuliza kitu tusichonacho kinaandikwa, kitu gani na kiasi gani. Kijana wetu wa dukani mwanzoni alikuwa anasahau au anaona aibu kuandika mbele ya mteja, ikabidi tuliongelee kwa upole, nikamwambia lile daftari ndilo linaamua kama mwezi ujao mshahara wako utatoka kwa wakati. Siku hizi analiandika kuliko mimi.

Kama huna daftari hilo bado, kuna njia ya kurekebisha. Bidhaa imeuza 300 ndani ya siku 30 za kazi lakini siku 6 haikuwepo kabisa, usigawe kwa 30 ukapata 10, gawa kwa 24 upate 12.5. Rafiki yangu muuguzi kwenye zahanati aliponiona nafanya hivyo akasema mbona sisi tunafanya hivi kila tukiomba dawa, kwenye fomu tunaandika na siku ambazo dawa haikuwepo ili matumizi yarekebishwe, la sivyo tungekuwa tunaletewa pungufu milele. Nilishangaa kwamba mtu wa dawa na mtu wa nondo wana tatizo moja.

Na sio hao tu. Kuna bidhaa za msimu ambazo ile fomula ya kwanza haifai, kwa sababu unanunua mara moja na msimu ukipita basi. Kwetu ni maturubai kabla ya masika, Machi ikishaingia watu wanayatafuta, ikifika Juni hakuna anayeuliza. Hapa unajiuliza nikikosa moja nimepoteza nini, na likibaki moja nimepoteza nini. Tuseme unanunua 30,000 unauza 42,000, kukosa kunakupotezea 12,000. Likibaki unalitoa kwa 24,000, umepoteza 6,000. Gawa 12,000 kwa jumla ya zote mbili, 18,000, unapata theluthi mbili. Maana yake ununue kiasi ambacho kuna uwezekano wa theluthi mbili kitatosha. Kama misimu ya nyuma wastani ni 60 na mtawanyiko 20, inakuja kama 69, juu ya wastani. Ingekuwa hasara ya kubaki ni kubwa kuliko faida ya kuuza, jibu lingekuwa chini ya wastani. Wazo hili mwanauchumi mmoja, Francis Edgeworth, aliliandika mwaka 1888 akiwa anawaza benki iweke fedha taslimu kiasi gani wateja wakija kutoa. Ukimuona wakala wa M-Pesa asubuhi anapanga keshi kiasi gani iwe kwenye droo na floti kiasi gani iwe kwenye simu, ndilo swali lilelile analijibu kila siku kwa uzoefu wake.

Sasa turudi kwenye hela maana ndiyo inayobana. Tulipopiga hesabu ya kila bidhaa ya kundi A na B tukajumlisha, oda zilizoitwa bora zilidai mtaji ambao hatuna. Hapa watu wengi wanakata tamaa wanaona fomula ni za makampuni makubwa. Kama gharama yako ya kutunza umeiweka kwa asilimia ya bei, na asilimia ni ileile kwa bidhaa zote, basi jibu sahihi ni kupunguza oda zote kwa uwiano uleule. Mtaji unatosha robo tatu ya zile oda? Zidisha kila oda kwa 0.75. Usiache bidhaa moja kamili na nyingine uifute kwa sababu tu imekuja mwisho kwenye orodha. Na kwa vile oda zimekuwa ndogo kuliko zinavyotakiwa, unajua kabisa shilingi ya kwanza itakayopatikana inaenda wapi.

Shilingi hizo tulizipata kwenye vilivyododa. Ilikuwa sehemu ngumu zaidi kihisia. Mama mkubwa hakutaka kuuza rangi chini ya bei aliyonunulia, alisema ni kujichoma mwenyewe. Nikamuomba tuangalie hivi, rangi ya 40,000 ikikaa mwaka mwingine inakula 10,000 ya riba na uharibifu, na mwisho wake hata kopo linapata kutu. Ukiiuza leo kwa 32,000 ukanunua nondo inayozunguka, hiyo hela inarudi mara nyingi kabla mwaka haujaisha. Alikaa nalo kama wiki hivi ndipo akakubali. Tukatoa nje, tukaandika bei kwa chaki, mafundi wakachukua, nyingine wakabeba shule ya jirani waliokuwa wanapaka madarasa. Ile saruji iliyoganda haikuuzwa, usimuuzie mtu saruji iliyoganda ajengee nguzo, tuliimwaga kusawazisha uani. Hasara ikaandikwa kama hasara.

Kitu kilichobaki ni gari. Kwenye karatasi kila bidhaa ina siku yake ya kuagizwa, misumari siku 54, koki siku 37, na kadhalika, lakini fuso linakuja na vyote kwa pamoja na ukiagiza kila kimoja siku yake nauli itakumaliza. Tulichofanya ni kusogeza kila muda kwenye wiki 1, 2, 4 au 8, ule ulio karibu. Saruji na nondo kila wiki, mabati na mabomba kila wiki 2, vifaa vya umeme wiki 4, misumari siku 54 ikasogea wiki 8. Kwa kupanga hivyo siku zinakutana zenyewe, gari la wiki ya 8 linabeba kila kitu. Na hasara ya kusogeza hivyo ni ndogo, wataalamu walishathibitisha kwamba ukichagua vizuri kwenye hizo namba za kudabo, gharama haizidi ile bora kabisa kwa zaidi ya asilimia 6 hivi. Ila kumbuka ukiagiza kwa ratiba akiba lazima ifunike ratiba nzima pamoja na siku za kusubiri, sio siku za kusubiri peke yake, maana bidhaa ikikata katikati huna gari mpaka siku yake.

Bidhaa zinazotoka mbili kwa mwezi, kama kitasa fulani au valvu ya saizi kubwa, usizipigie hesabu za mtawanyiko, zile namba za 1.65 hazifai kwenye vitu vinavyotoka kimojakimoja. Weka mbili, ikitoka moja andika kwenye orodha ya gari linalofuata. Na namba zako zote zipitie upya kila msimu unapogeuka, mauzo ya Agosti watu wakiwa wanapandisha kuta sio ya Aprili mvua ikinyesha, ukitumia wastani wa mwaka mzima utakuwa na pungufu kiangazi na ziada masika.

Gharama ya haya yote kwetu ilikuwa muda zaidi kuliko hela. Daftari mbili, bando, jioni nyingi na binamu kwenye simu, na maneno kidogo ndani ya familia. Programu za kulipia tulijaribu moja tukaiacha, ilikuwa inataka kila skrubu iingizwe na hakuna aliyekuwa na huo muda. Kinachofanya kazi ni kadi ya boksi iliyobandikwa kwenye kila shelfu la kundi A na B, ina namba mbili kwa kalamu nene: ikibaki hii agiza, agiza hii. Kijana akipita asubuhi anahesabu, ikiwa imefika anaandika kwenye karatasi ya gari, hahitaji kuniuliza wala kumuuliza mama mkubwa, ambaye siku hizi anakuja akitaka tu, anakaa kwenye kiti chake pale mlangoni na mafundi wanampa shikamoo wakiingia.

Ukitaka kuanza, chukua bidhaa tatu tu zinazokuingizia zaidi. Fungua risiti za nyuma uone mzigo unachukua siku ngapi kufika kwa ukweli, anza daftari la "hakuna" leo hiihii, na riba ya mkopo wako uiandike kwa mwaka sio kwa mwezi. Baada ya mwezi mmoja wa kuandika utakuwa na namba za kutosha kubandika kadi ya kwanza.